Mbegu ya ua ikigoma kuota, ifukue kwanza

Kopo likikaa wiki tatu bila dalili ya kijani, wengi hufanya moja kati ya mawili: wanazidisha maji, au wanamwaga mbegu nyingine juu ya zile za mwanzo. Yote mawili yanavuruga ushahidi. Mbegu iliyo chini ya udongo bado inaweza kukuonyesha imepatwa na nini, ilimradi hujaiozesha wala kuichanganya na nyingine. Kwa hiyo kabla ya kugusa ndoo, tafuta kijiti, fukua mbegu tatu au nne, zioshe, ziweke kiganjani uzibonyeze kwa ukucha. Moja ipasue kwa wembe.

Utaikuta katika hali mojawapo: ngumu vilevile kama ulivyoifukia, imelainika na inanuka; imevimba na ndani ni nyeupe na nzima, ila haijasogea; haipo kabisa; au imeota ikafia njiani. Kila hali ina sababu zake, na dawa ya hali moja ni sumu ya nyingine. Maji ya moto yanayoiamsha mbegu ya mkrismasi, ule mti wa barabarani wenye maua mekundu, huipika mbegu ya waridi la jangwani.

Ninayoyaandika hapa ni ya Mtwara na Lindi, hasa ukanda wa pwani: mvua ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, joto la mwaka mzima, hewa yenye unyevu, na visima ambavyo vingi vina chumvi. Anayeotesha Lushoto au Njombe ana matatizo yake mengine.

Kwanza, siku zimetimia?

Malalamiko mengi huishia hapa. Waridi la jangwani (adeniamu) likiwa bichi huota ndani ya siku tatu hadi kumi, na mtu akishalizoea hilo hutaka kila ua liende kwa mwendo huo. Vinka huchukua wiki moja au mbili. Msanapichi wiki moja hadi tatu. Kana iliyokwaruzwa, vivyo hivyo. Lavenda wiki mbili hadi nne, tena kwa kusuasua. Strelizia, lile ua la rangi ya machungwa lenye umbo la kichwa cha ndege, mwezi mmoja hadi mitatu na wakati mwingine zaidi. Mkilua, mlangilangi na ule mmea wa vichakani unaotambaa wenye ua jekundu la kingo za njano (Gloriosa superba) hesabu kwa miezi, na hata zikiota haziji pamoja: moja leo, nyingine mwezi ujao, nyingine umeshasahau.

Andika tarehe ya kusia kwenye kijiti cha mnazi ukichomeke kwenye kopo. Bila tarehe utafukua mapema mno au utamwaga udongo wenye mbegu hai.

Mbegu ni ngumu vilevile kama ulivyoifukia

Hapa maji hayajaingia. Ganda limejifunga kabisa, na mbegu inaweza kukaa ardhini msimu mzima mkavu na safi. Ndivyo zilivyo mbegu za mkrismasi na nyingi za jamii ya kunde, za kana, za lile ua la buluu la kutambaa linalotengenezewa chai, na za yale ya jamii ya viazi vitamu yanayofunguka asubuhi na kusinyaa mchana. Kwenye asili yake tabia hii ina faida. Mmea unaoota kwa manyunyu ya bahati mbaya ya Septemba utakauka kabla ya mvua yenyewe kufika, kwa hiyo mbegu husubiri ganda liliwe polepole na jua, moto na vijidudu vya udongo.

Kazi yako ni kulitoboa ganda bila kuumiza kilicho ndani. Kwa mbegu chache tumia kikatia kucha. Ishike mbegu ya mkrismasi, tafuta kitovu chake, yaani kidoa kidogo pale iliposhikizwa kwenye ganda refu la mti. Usikate hapo, kwa kuwa mzizi unatokea upande huo. Geuza, kata ncha ya upande wa pili mpaka uone weupe unaoelekea unjano, basi, ishia hapo. Ukizama zaidi unakula chakula cha mche. Kana ni duara na nyeusi, inateleza, na kikatia kucha huirusha hadi kwa jirani. Iminye kwa koleo uisugue kwenye msasa au tupa upande mmoja tu mpaka weupe uonekane. Zikishatobolewa, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha.

Kwa mbegu nyingi, tumia maji ya moto. Chemsha maji, epua, subiri yatulie kama dakika moja, kisha yamimine juu ya mbegu, maji yawe mara kumi ya mbegu kwa ujazo. Usizichemshe mbegu jikoni na usiache sufuria juu ya mkaa. Ziache humo mpaka asubuhi. Asubuhi utaona mambo mawili kwenye bakuli moja: nyingine zimevimba karibu mara mbili na ganda limekuwa laini kama ngozi, nyingine zimebaki vilevile. Zilizovimba sia siku hiyohiyo, maana zikikauka tena zimekufa. Zilizobaki rudia maji ya moto, au zikate.

Wapo wanaoshauri tindikali ya betri. Kweli vitalu vikubwa vya miti hutumia asidi ya salfa, ila huko kuna glavu, miwani na mtu anayehesabu dakika. Nyumbani kwenye watoto haina nafasi, na kikatia kucha cha bei ndogo kinafanya kazi ileile.

Sasa ikiwa umeitoboa, umeiloweka, na bado haivimbi inavyostahili au inavimba kidogo na kuishia hapo, angalia maji. Mbegu hunywa kwa sababu ndani yake ni pakavu kuliko nje. Maji yakiwa na chumvi nyingi mvuto huo hupungua, na mbegu inabaki na kiu ikiwa ndani ya maji. Kuna mama wa Mikindani aliniletea kopo lake akiwa amekasirika. "Mwanangu, mbegu ulizoniuzia zimekufa." Udongo wa kopo ulikuwa na ukoko mweupe pembeni, ukiulamba unawasha ulimi. Nikamwambia, "Hazijafa, mama. Kisima chako ndicho kinachozizuia." Tukazihamishia kwenye mchanga safi na maji ya mvua aliyokuwa ameyakinga kwenye pipa, na nyingi zikaja.

Kipimo cha haraka: weka kijiko cha maji ya kisima kwenye kifuniko cheusi, kiache juani kikauke. Ukibaki unga mweupe mnene, hayo si maji ya kuotesha. Mche ukishakuwa na majani manne au sita unaweza kuanza kuyazoea polepole, lakini mbegu haina uvumilivu huo. Chumvi pia huja kwa njia mbili ambazo watu wa pwani hawazishuku. Moja ni mchanga wa ufukweni uliochotwa na kutumiwa bila kuoshwa. Nyingine ni makumbi ya nazi. Makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la bahari ili yatoe usumba wa kusokotea kamba yameloa chumvi, na hata ya kawaida si vibaya kuyaloweka na kumwaga maji mara mbili au tatu kabla ya kuyachanganya na udongo. Yakishaoshwa ni mazuri sana kwa mbegu, yanashika unyevu bila kugandamana.

Maganda ya korosho, hata hivyo, yaache. Najua yamejaa kila mahali na yanaonekana kama matandazo ya bure, lakini yana mafuta makali yanayounguza ngozi ya mbanguaji, sembuse kimzizi cha siku mbili.

Mbegu imelainika, imekuwa kahawia, inanuka

Hii imekufa. Swali ni kama ilikufa kwako au ulinunua maiti.

Kuvimba si ushahidi wa uhai. Mbegu iliyokufa nayo hunywa maji na kuvimba vizuri tu, kisha inaoza. Ndiyo maana jaribio la kuiweka kwenye glasi ya maji, inayozama nzima, inayoelea mbovu, linadanganya sana kwa maua. Mbegu ya waridi la jangwani ina manyoya kila ncha, ya msanapichi ina ubawa. Zote huelea zikiwa hai. Jaribio la kuaminika ni la karatasi. Chukua mbegu kumi, zipange kwenye tishu iliyolowa na kukamuliwa, ikunje, iweke ndani ya mfuko mweupe mahali penye joto, nje ya jua. Fungua kila siku mbili. Zikitoa mizizi saba, mbegu zako ni nzuri. Zikitoa mbili, sia nyingi zaidi au dai hela yako. Zikiota ukungu wote, umejua bila kupoteza kiriba hata kimoja, yaani kimfuko cha kuoteshea mche.

Kwa hali yetu ya hewa, muuaji mkuu ni uhifadhi. Kuna kanuni mbili za mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington, ambazo kila mwenye kitalu anapaswa kuzijua: kila unapopunguza unyevu ndani ya mbegu kwa asilimia moja, maisha yake yanakaribia kuongezeka maradufu, na kila unapopunguza joto la ghala kwa nyuzi 5 za Selsiasi, maradufu tena. Zigeuze kanuni hizo uone maana yake hapa. Bahasha ya mbegu iliyoachwa kwenye rafu ya duka la bati, karibu na bahari, msimu wa kaskazi, inapata joto na unyevu kwa pamoja, na kila kimoja kinakata maisha yake nusu. Pakiti iliyoandikwa kwamba muda wake unaisha mwakani inaweza kuwa imekufa tayari, na muuzaji hajui.

Zikaushe mbegu kivulini, penye upepo, siku kadhaa. Zitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, pamoja na kitambaa chenye mchele uliokaangwa ukakauka vizuri na kupoa, au vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Chupa iende kwenye friji, sehemu ya chini, si ya barafu. Ukiitoa, iache mpaka ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua. La sivyo umande utajaa ndani, na kazi yote ya kukausha imepotea.

Waridi la jangwani linastahili neno lake peke yake kwa sababu ndilo linalouzwa zaidi likiwa limekufa. Mbegu zake hupoteza nguvu haraka, na zile za miezi michache iliyopita zilizokaa kwenye joto huota chache. Suluhisho ni kuzipata bichi. Mmea hutoa maganda mawili yaliyoungana kama pembe za ng'ombe. Yakianza kugeuka rangi, yafunge kwa uzi au uyavike kipande cha neti, maana yanapasuka ghafla na upepo wa kusi huzibeba mbegu zote kwa manyoya yake kabla hujamaliza kunywa chai. Sia wiki hiyohiyo, zikiwa zimelazwa, zimefunikwa kwa mchanga mwembamba tu, kwenye mchanganyiko ambao ni nusu mchanga mnene. Ukizifukia kwenye udongo mzito wa shamba zitalainika na kunuka hata kama zilichumwa jana.

Kulowesha kupita kiasi nako huua. Mbegu inapumua. Loweka usiku mmoja, au siku mbili kwa strelizia huku ukibadilisha maji, basi. Udongo wa kopo uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Ukiuminya na maji yakachuruzika, umezidisha. Na kopo lisilo na matundu chini ni kaburi.

Imevimba, ndani nyeupe na nzima, lakini haisogei

Hii ndiyo hali inayowakatisha tamaa hata wazoefu, na ndiyo yenye sababu nyingi. Ganda limefunguka, uhai upo, na bado mbegu inangoja kitu. Tafuta ni kipi kati ya hivi.

Inawezekana kijusi chake, yaani kile kimche kilicho ndani ya mbegu, hakijakomaa. Mlangilangi na mkilua ni wa jamii moja na stafeli na topetope, na katika jamii hiyo mbegu hudondoka ikiwa na kijusi kidogo mno ndani ya akiba kubwa ya chakula. Pasua moja kwa urefu, utaona nyama yenye mikunjomikunjo imejaa, na kijusi chenyewe ni kidoa tu upande mmoja. Lazima kikue ndani kwa ndani kwanza ndipo mzizi utoke. Aliyewahi kuotesha stafeli anajua subira yake.

Mkilua hasa unastahili subira hiyo. Jenasi yake ina spishi moja tu duniani, Mkilua fragrans, nayo ni ya pwani hii ya Kenya na Tanzania. Ua lake kinamama wamelitia kwenye kikuba pamoja na asumini na mrehani tangu zamani, na bado ukitafuta mche wake kwenye vitalu utazunguka sana. Chuma tunda lililoiva kabisa, lisilo bichi hata kidogo. Ondoa nyama yote kwa kusugua na mchanga, maana nyama ya tunda huzuia kuota na huita ukungu. Usiikaushe mbegu juani. Sia mapema kwenye mchanganyiko wa mboji na mchanga, kivulini, na uache unyevu usipande wala kushuka sana. Kopo liingize kwenye mfuko mweupe wenye matundu machache ili usilazimike kumwagilia kila siku. Kisha lisahau. Kila ukifukua unavunja kitu. Mlangilangi, ambao matunda yake huiva yakiwa meusi, ufanyie vivyo hivyo.

Inawezekana pia ni joto. Watu wananunua pakiti zenye picha za pansi, delfinia na lavenda, maua ya nchi za baridi, wanayasia Novemba kwenye viriba vyeusi vilivyopangwa juani. Kiriba cheusi kwenye jua la mwezi huo kinaweza kupita nyuzi 40 ndani yake. Pansi hupenda kama nyuzi 18 hadi 20. Joto likizidi, mbegu inajifunga kwa usalama wake, na mara nyingi hata ukiipoza baadaye haifunguki upesi. Hili si kosa la mbegu. Sia maua ya namna hiyo kati ya Juni na Agosti, usiku unaposhuka karibu nyuzi 20, kwenye chombo cha udongo wa kufinyangwa kilichowekwa kivulini juu ya sinia la maji. Wenzetu wa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, na wa Rondo wana nafuu ya baridi, ingawa wana shida yao ya maji. Hata hivyo sikufichi: delfinia kwa mtu wa Mtwara mjini au Kilwa Masoko ni kujitafutia huzuni. Ikiota, itaishi kwa kuhema.

Nyingine zinangoja baridi kabla ya joto. Waridi ni mfano mzuri. Mbegu yake inataka unyevu na baridi ya kama nyuzi 4 kwa wiki 6 hadi 12, na lavenda wiki 3 hadi 6, ndipo ziamini kwamba majira ya baridi yamepita. Zikunje kwenye tishu yenye unyevu, zitie kwenye mfuko, ziweke rafu ya chini ya friji. Umeme ukikatika usiku mmoja hakuna madhara, usifungue mlango tu. Zikianza kutoa mizizi humohumo, zitoe uzisie.

Kisha kuna mwanga. Mbegu za petunia na begonia ni vumbi, na za zile impatiensi za vibarazani ni ndogo pia. Gramu moja ya petunia ina mbegu kama 10,000. Mbegu ndogo hivyo haina chakula cha kusukuma udongo, kwa hiyo hungoja mwanga uiambie kwamba ipo juu. Ukiifunika, hata kwa nusu sentimita, inabaki hai na kimya mpaka nguvu iishe. Ichanganye na mchanga mkavu mwembamba, inyunyize juu ya udongo uliolowa, igandamize kidogo kwa kipande cha ubao, funika kwa kioo au nailoni nyeupe, weka kwenye mwanga usio jua kali. Maji yapande kutoka chini: simamisha kopo kwenye karai lenye maji mpaka uso wa udongo ulowe. Ukimwagilia kwa juu zote zinahamia kona moja. Vinka ni kinyume chake, inataka giza; ifunike vizuri.

Ua lile jekundu na njano la vichakani nimelitaja juu kama la miezi. Mbegu zake zina ngozi laini ya rangi ya machungwa au nyekundu; isugue itoke baada ya kuloweka siku moja mbili, kisha subiri. Njia fupi ni kuchimba kiazi chake baada ya majani kukauka, kama una eneo unaloruhusiwa kuchimba. Ila fahamu kwamba mmea wote ni sumu, na kiazi na mbegu ndiyo hatari zaidi kwa sababu ya sumu iitwayo kolkisini iliyomo. Kiazi chake kikichanganyika na viazi vya kula ni msiba. Osha mikono, weka lebo, usikaushie mbegu jikoni.

Mbegu haipo

Umefukua kopo zima hukuta hata ganda. Zimeliwa. Sisimizi hubeba ndogo, hasa zenye mafuta. Panya hula kubwa na huacha maganda yaliyopasuliwa kando. Kuku wanaacha ushahidi wa kutosha. Weka vikopo juu ya meza na kila mguu wa meza uwe ndani ya kopo la maji yenye tone la sabuni au mafuta ya taa, na meza isiguse ukuta wala tawi. Panya anahitaji wavu. Ukikuta mbegu ipo ila ina kitundu cha mviringo kama kilichotobolewa kwa sindano nene, hiyo imebunguliwa tangu mtini. Mbegu za mkrismasi zilizookotwa chini ya mti zichambue kabla ya kuzipa maji ya moto.

Imeota, ikainama, ikafa

Jana ilikuwa na majani mawili, leo imelala, na shina pale linapogusana na udongo limekuwa jembamba, lenye maji, kama limebanwa na vidole. Ni kinyausi. Vimelea vyake vinaishi udongoni na hupenda hasa unachokitengeneza ukiwa na huruma nyingi: maji ya jioni, msongamano, kivuli kisicho na upepo. Vinka na waridi la jangwani ndizo huangamia haraka zaidi.

Mche ulioanguka hauinuki. Utoe pamoja na udongo ulioizunguka, simamisha maji, fungua nailoni, hamishia kopo penye upepo. Mchanganyiko wa awamu ijayo uloweshe kwa maji yanayochemka kabla ya kusia, uuache upoe na kuchuja. Au utandaze chini ya nailoni nyeupe kwenye jua kali wiki kadhaa. Samadi iwe imeoza kabisa. Mwagilia asubuhi.

Na sasa salfa. Kwa kuwa kila nyumba yenye mikorosho ina mfuko wa salfa uliobaki, hukimbiliwa kwa kila ugonjwa unaoonekana kama ukungu. Salfa inafanya kazi kwenye ubwiriunga, ukungu unaokaa juu ya majani na maua ya mkorosho. Kinyausi kiko ndani ya udongo uliolowa, na kwa sehemu kubwa husababishwa na vimelea vya aina tofauti kabisa, ambavyo salfa haivitishi. Zaidi ya hapo, kwenye joto letu vumbi hilo linaunguza majani ya mche wa wiki moja. Mdalasini wa kusaga nao umeenea. Hauna madhara, lakini kopo linalochuruzika maji halitaokolewa na mdalasini.

Kuna namna nyingine ya kufia njiani isiyo ugonjwa. Mche umetoka na ganda la mbegu limekwama kichwani, majani hayafunguki. Ilisiwa juu mno au hewa ni kavu. Udondoshee ganda tone la maji, ufunike kwa kikombe cha plastiki usiku mmoja, asubuhi lipangue taratibu kwa ncha ya sindano. Likikataa, rudia, usilivute.

Miche mirefu, myembamba, iliyopauka ina njaa ya mwanga. Isogeze.

Imeota vizuri, ila si ile ya kwenye picha

Mbegu za waridi la buluu kama samawati ya bahari, za waridi lenye rangi saba kwenye ua moja: hizo hazipo. Kampuni ya Suntory ya Japani ilitumia miaka mingi na uhandisi wa jeni kupata waridi ililoanza kuliuza mwaka 2009, na hata hilo ni la zambarau iliyopauka. Aliyekuuzia pakiti ya mbegu hamsini za buluu amekuuzia mbegu za kitu kingine, mara nyingi magugu.

Wakati mwingine hakuna ulaghai. Msanapichi mwekundu au waridi la jangwani la petali nyingi hauzai watoto wanaofanana nao kwa mbegu. Ukitaka rangi ileile, kata tawi la msanapichi, liache likauke jeraha wiki moja, lichomeke mchangani. La jangwani lipandikizie kikonyo, yaani kitawi cha ua unalolitaka, juu ya shina lililoota kwa mbegu. Bogenvilia usihangaike na mbegu kabisa.

Mahali pa kuzipata

Maduka ya pembejeo ya Mtwara, Lindi na Masasi yamejaa mbegu za mboga. Za maua ni chache na zimekaa. Ukinunua huko, omba pakiti ya nyuma ya rafu, isiyopigwa na jua, na ufanye jaribio la karatasi siku hiyohiyo. Mbegu za miti ya maua kama mkrismasi huuzwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, lakini hizo pia ziko bure chini ya miti ya barabarani, maganda yake meusi yanachakarika kwa upepo wakati wa kiangazi. Langilangi, mkilua, asumini na mhina viombe kwa bibi mwenye ua wa zamani, Mikindani, Lindi au Kilwa Kivinje. Piga hodi, sema shida yako, usiingie na mfuko mkubwa.

Za kutoka nje ya nchi zinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, jambo linalosimamiwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Bahasha inayofichwa kwenye kifurushi cha nguo inaweza kuja na mdudu ambaye mikorosho yetu haijawahi kukutana naye.

Na okidi usinunue mbegu zake popote. Ni vumbi lisilo na akiba yoyote ya chakula, na porini haliwezi kuota bila kuvu maalumu wa kulilisha. Njia ya kuziotesha bila kuvu, kwenye chupa yenye sukari na utomvu wa mwani, ilipatikana mwaka 1922 kwa kazi ya Lewis Knudson huko Marekani, nayo inahitaji chumba kisicho na kijidudu hata kimoja. Ukiitaka okidi, nunua mche uliokwisha kuota kwa mwenye kitalu anayeweza kukuonyesha alikoutoa, uufunge kwenye gamba la mti au kipande cha kumbi lililooshwa chumvi, kivulini, na uunyunyizie maji ya mvua asubuhi.